Dharura Haianzi na King'ora
Somo kwa vikundi vya usharika na kamati za afya za vijiji

Katika toleo hili tunawaletea somo juu ya huduma za dharura za afya. Tumeliandaa kwa ajili ya vikundi vya akina mama na vijana, vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za afya za vijiji, na kila atakayependa kulisoma pamoja na wenzake. Linaweza kufundishwa kwa vipindi viwili vya saa moja moja.

Tumelichagua kwa sababu moja. Tunapotembelea vijiji vya mradi na kuuliza juu ya huduma ya dharura, jibu la kwanza huwa ni gari. "Tukipata gari la wagonjwa, shida yetu imekwisha." Ni kweli gari linahitajika, na bado hayatoshi. Lakini tukikaa chini na kuhesabu saa, tunaona kwamba muda mwingi wa mgonjwa hupotea kabla hata gari halijaitwa. Muda huo hupotelea nyumbani, mikononi mwetu sisi wenyewe, na hakuna dereva anayeweza kuurudisha.

Baada ya somo hili kikundi kiweze: (a) kueleza mahali muda wa mgonjwa unapopotea, (b) kujua kazi ya wale wanaopokea simu, wanaoendesha gari na wanaompokea mgonjwa hospitalini, (c) kufanya makubaliano ya nyumba na ya kijiji kabla dharura haijatokea.

1. MUDA HUPOTELEA WAPI?

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mwenye tatizo la uzazi hukutana na ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta msaada. Wa pili ni kuchelewa kufika penye msaada. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mpangilio huu bado unafundishwa vyuoni hadi leo, na unafaa pia kwa mtoto mwenye degedege au kijana aliyeanguka na pikipiki.

Tuchukue mfano ambao tumeutunga kwa ajili ya somo. Mwalimu aandike saa hizi ubaoni:

Saa 2:00 usiku mama amejifungua nyumbani, mtoto mzima.
Saa 2:30 khanga mbili zimelowa damu. Bibi anasema damu ya uzazi ni ya kawaida.
Saa 3:15 mama anasema anasikia kizunguzungu.
Saa 3:30 wanamtafuta mume kwa simu. Amekwenda mnadani, hapatikani.
Saa 4:10 shemeji anaanza kuzunguka kwa majirani kukopa fedha za usafiri.
Saa 4:40 simu ya kuomba gari inapigwa.
Saa 5:05 gari limefika.
Saa 5:45 mama anapokelewa kituo cha afya.

Tangu khanga zilipolowa hadi mama alipopokelewa ni dakika 195. Kati ya hizo, dakika 130 zilipita kabla ya simu kupigwa. Gari, pamoja na ubovu wote wa barabara, lilitumia dakika 65 tu. Mama aliyekuwa na afya njema asubuhi anaweza kufa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua ndani ya saa mbili. Tuwaulize wanakikundi: katika mfano huu, nani alikuwa mtu mbaya? Hakuna. Bibi alisema alichokijua, shemeji alihangaika, jirani alikopesha. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amepewa ruhusa ya kuamua, na hakuna aliyejua kwamba simu inaweza kutangulia fedha.

2. MTU ALIYE UPANDE WA PILI WA SIMU

Hapa Tanzania, kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na mtoto mchanga wa chini ya siku 28, upo mfumo wa usafiri wa dharura uitwao m-mama. Ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa mwaka 2013, na mwaka 2022 Serikali ilizindua mpango wa kuupeleka nchi nzima. Namba yake ni 115. Kupiga ni bure, na usafiri ni bure.

Katika kituo cha uratibu wanakaa wahudumu wa afya waliofundishwa kazi hiyo, kwa zamu, usiku na mchana. Anayepokea simu huuliza maswali kwa mpangilio, hupima uzito wa hali ya mgonjwa, huamua kituo gani kinaweza kumhudumia, kisha hutafuta gari. Kama gari la wagonjwa liko karibu, hutumwa hilo. Kama haliko, hupigiwa dereva wa jamii, yaani mwenye gari la kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa na kufundishwa. Dereva hulipwa kwa njia ya simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuza mbuzi saa nne usiku.

Mhudumu huyo haoni mgonjwa. Anaona kupitia maneno yetu tu. Tukipiga kelele na kukata simu, tumemfunga macho. Tujizoeze kusema mambo matano:

- Mahali: kijiji, kitongoji, na alama inayojulikana kama shule, kanisa, msikiti au kisima.
- Mgonjwa: ni mjamzito wa miezi mingapi, au amejifungua lini, au ni mtoto wa siku ngapi.
- Tatizo: damu, degedege, kupoteza fahamu, uchungu wa muda mrefu, mtoto hanyonyi.
- Lilianza saa ngapi.
- Namba ya simu itakayobaki wazi, na jina la mtu atakayesimama barabarani na tochi.

Kisha tusikate simu mpaka tuambiwe. Na simu zetu zisiwe za kuchezea watoto. Kila simu ya mzaha inayoingia kituoni inashika mkono ambao ungepokea simu ya mtu anayekufa.

Dalili ambazo hazihitaji mjadala ni hizi: damu kwa kiasi chochote wakati wa ujauzito, damu nyingi baada ya kujifungua, degedege au kupoteza fahamu, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maluweluwe au kuvimba uso na mikono, homa kali, uchungu unaozidi saa 12. Kwa mtoto mchanga: hapumui vizuri, hanyonyi, amekuwa wa baridi au wa moto kupita kiasi, au amelegea. Ukiona moja, piga simu. Ukikosea na mama akaonekana mzima, hakuna atakayekulaumu.

Wakati gari linasubiriwa, mama anayetokwa damu alazwe, afunikwe asipate baridi, ahimizwe kukojoa, na mtoto awekwe titi linyonywe, kwani kunyonya husaidia mji wa mimba kukaza. Aliyefundishwa anaweza kusugua tumbo chini ya kitovu mpaka lisikike gumu. Hayo ni ya kusubiria gari. Hayachukui nafasi ya hospitali.

3. DEREVA

Watu wengi wanadhani dereva mzuri wa dharura ni yule mwenye kasi. Wahusika wenyewe hawasemi hivyo. Barabara zetu nyingi ni za udongo, zina makorongo, mbuzi na wanafunzi. Mgonjwa aliyevunjika paja husikia kila shimo. Mama mwenye uchungu akirushwarushwa huumia zaidi. Dereva anayesifiwa ni yule anayefika, na anayefika kila mara.

Maisha yake si mepesi. Simu hulala karibu na sikio lake. Jioni anakagua mafuta, upepo wa matairi na taa, kwa sababu saa nane usiku hakuna kituo cha mafuta kijijini. Mke na watoto wake wanazoea kuamka na kukuta kitanda kitupu. Mara nyingine hurudi na gari lenye damu na kulisafisha mwenyewe kabla ya kupeleka watu sokoni asubuhi. Mara nyingine anarudi kimya, na nyumbani wanajua kwamba aliyempeleka hakupona.

Kijiji kinaweza kumpunguzia kazi hiyo kwa mambo madogo. Vijana wazibe mashimo na kukata majani pembeni mwa njia kabla ya masika. Kivuko kinachojaa maji kiwe na mtu wa kumwonyesha dereva penye kina kifupi, au wa kumwambia asijaribu. Nyumba ambazo gari halifiki ziwe na machela, hata ya miti miwili imara na gunia au blanketi, na watu wanane waliokubaliana kupokezana kubeba. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Machela inatufundisha kwamba mzigo wa mwenzio una uzito, na unabebeka tukiwa wengi.

4. MLANGO WA HOSPITALI

Kufika si mwisho. Ndiyo maana ucheleweshaji wa tatu umewekwa peke yake. Kwa miaka mingi hospitali zetu zilipokea wagonjwa wote kwa foleni moja, aliyewahi ndiye aliyeonwa. Januari 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua Idara ya Tiba ya Dharura, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Tangu hapo mafunzo na vitengo vya dharura vimeenea katika hospitali nyingine. Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuimarisha huduma za dharura, zikikiri kwamba vifo vingi vingezuilika kama mgonjwa angehudumiwa mapema.

Katika kitengo cha dharura mgonjwa hapokelewi kwa zamu ya kufika bali kwa uzito wa hali. Muuguzi wa mlangoni huangalia kwanza mambo matatu: je, njia ya hewa iko wazi? Anapumua? Damu inazunguka mwilini? Kwa hiyo ukiwa umekaa tangu asubuhi na mkono uliovunjika, kisha akaingia mtoto anayehema kwa shida na kutangulizwa, hujadharauliwa. Siku moja mtoto huyo atakuwa wako. Jambo hili tulieleze vizuri vijijini, kwa maana wauguzi wengi hutukanwa kwa sababu yake.

Sisi tunaomleta mgonjwa tunaweza kuokoa dakika hapa pia. Tuje na kadi ya kliniki, barua ya rufaa kama ipo, na dawa zote alizokwisha kutumia, zikiwemo za mitishamba. Tuseme ukweli wote juu ya dawa hizo. Muuguzi anauliza ili kumtibu mgonjwa. Na tuje na watu wawili wenye afya walio tayari kuchangia damu. Damu ya hospitali haitoki kiwandani, inatoka kwa watu kama sisi.

5. AJALI NA DHARURA NYINGINE

Namba 115 ni ya mama na mtoto mchanga. Kwa ajali tunapiga polisi kwa 112, na kwa moto au uokoaji Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa 114. Lakini vijijini anayefika kwanza karibu kila mara ni mpita njia, mkulima au dereva wa bodaboda. Huyo ndiye huduma ya dharura ya dakika kumi za mwanzo.

Nchi jirani ya Uganda ilitupa mfano mzuri. Mwaka 2008 mjini Kampala zaidi ya watu 300, wakiwemo polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, walifundishwa huduma ya kwanza. Walipofuatiliwa miezi sita baadaye wengi wao walikuwa wameitumia. Hawakuwa madaktari. Walikuwa watu ambao kazi yao inawaweka barabarani. Vijana wetu wa bodaboda nao wako hivyo.

Kanuni ya kwanza ni usalama wa anayesaidia. Hatuwezi kusahau tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, ambapo lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Lori la mafuta likianguka, kazi yetu ni kuwaondoa watu, kusimamisha magari kwa mbali na kuzima sigara na majiko.

Baada ya usalama, tufanye haya:

- Damu inayotoka kwa nguvu: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na usiachie. Kikilowa, ongeza kingine juu yake.
- Aliyepoteza fahamu lakini anapumua: mgeuze alale kwa ubavu, kichwa na mwili vikizunguka pamoja, ili matapishi yasimzibe.
- Aliyeumia shingo au mgongo: usimkalishe wala kumbeba kwa mikono na miguu kama gunia. Kama hakuna hatari mahali alipo, msubirie wenye ubao. Kama ipo, mhamishe mkiwa wengi, mwili ukiwa umenyooka.
- Aliyeungua: mwagilia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala yai.
- Mwenye degedege: ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni.
- Aliyeumwa na nyoka: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mtulize, asitembee, apelekwe hospitali.

Na usimnyweshe wala kumlisha majeruhi. Anaweza kuhitaji upasuaji.

6. NAO NI BINADAMU

Tunapozungumza juu ya huduma hizi tukumbuke wanaozifanya. Muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kumpoteza mama saa tisa, na saa tisa na nusu akatakiwa kumpokea mwingine kwa uso wa matumaini. Hana muda wa kulia. Anayepokea simu kituoni mara nyingi hajui mwisho wa habari. Anasikia kilio, anatuma gari, anapokea simu nyingine. Mzigo huo usipotolewa hugeuka kuwa ukali, usingizi unaokimbia, au kuacha kazi.

Tunawashauri wachungaji na wainjilisti walio karibu na vituo vya afya kuwatembelea wahudumu hawa, wakiwemo madereva na wasafishaji, si kwa kuhubiri bali kwa kuwasikiliza. Chupa ya chai usiku ni huduma. Kurudi na mtoto aliyepona ili muuguzi amwone ni huduma kubwa zaidi.

7. MAKUBALIANO KABLA YA DHARURA

Hiki ndicho kiini cha somo. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika utafiti wa 2022. Ni hatua ya kumshukuru Mungu. Lakini hawa waliobaki nao ni akina mama wenye majina, na wengine wao hawakuwa mbali na hospitali; walikuwa mbali na uamuzi. Tunapendekeza makubaliano mawili.

Makubaliano ya nyumba: Baba, mama, mama mkwe na wote wanaokaa na mjamzito wakubaliane mapema kwamba atakayeona dalili ya hatari kwanza ndiye mwenye ruhusa ya kupiga simu na kumpeleka, hata kama ni binti wa miaka 14. Hakuna kumsubiri baba arudi. Namba 115 iandikwe kwa mkaa au rangi nyuma ya mlango. Simu moja iwe na chaji usiku. Mahali penye mtandao pajulikane. Na zaidi ya yote, mipango ifanywe ya kujifungulia kituoni.

Makubaliano ya kijiji: Pawe na orodha ya magari na pikipiki, zamu ya wabeba machela, orodha ya wachangia damu, na mfuko mdogo wa dharura kwa wale ambao m-mama haiwahusu, kama majeruhi na watoto wakubwa. Mfuko huo usiwe na riba, wala usisubiri kikao. Watu wawili wanaoaminika washike fedha, mmoja atoe usiku uleule, na taarifa isomwe mbele ya wote mwisho wa mwezi.

8. MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika kijiji chetu, nani kwa kawaida huamua mgonjwa apelekwe hospitali? Asipokuwepo, nini hutokea?
2. Chukueni dharura moja iliyotokea hapa. Andikeni saa kama tulivyofanya ubaoni. Muda mrefu zaidi ulipotelea wapi?
3. Msamaria Mwema alifunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni na kulipa gharama. Kati ya kazi hizo nne, ipi kijiji chetu tayari kinaifanya? Ipi haina mtu?
4. Wanawake wawili waigize simu ya dharura, mmoja akiwa kituoni. Je, mambo yote matano yametajwa?

Vikundi vitakavyofanya makubaliano haya tunaomba vituletee nakala kupitia mwinjilisti wa mtaa wenu, ili vijiji vingine vijifunze. Lakini msisubiri jibu letu ndipo muanze. Leo usiku, kabla ya kuzima taa, andikeni ile namba nyuma ya mlango na mkubaliane ni nani atakayeipiga.